Katazo la Rangi ya Kucha

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi na, lililo gumu zaidi, kuwaamsha. Nina miaka ishirini na mbili katika kazi hii. Mgonjwa akipona humshukuru Mungu, kisha daktari wa upasuaji, kisha mfanya usafi aliyemwonyesha choo. Mimi hanikumbuki, kwa kuwa muda wote niliokuwa naye alikuwa amelala. Harusini mtu akisikia kazi yangu huniuliza kama naweza kumlaza mama mkwe wake kidogo. Mimi humjibu kwamba inawezekana, ila fomu ni ndefu.

Aliyenifundisha ni mwanamke mmoja mfupi ambaye hospitali nzima ilimwita Mwalimu, hata wakubwa waliomzidi cheo. Alistaafu miaka minne iliyopita. Tulimwandalia sherehe, tukampa saa ya ukutani, akatushukuru, na Jumatano iliyofuata akarudi kukagua kabati la dawa. Tangu hapo hakukosa Jumatano hata moja. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hakutumwa.

Mwalimu alituachia mambo mawili. La kwanza ni kutaja. Kabla dawa haijaingia mshipani, unainama sikioni mwa mgonjwa, unamtajia jina la dawa na kipimo chake, hata kama hajitambui, na mwenzako anarudia kwa sauti. "Aliyelala yupo," alikuwa akisema. "Usimtilie mtu kitu mwilini kama unavyotia chumvi kwenye mchuzi." Madaktari wageni hucheka siku ya kwanza. Siku ya pili na wao wanataja.

La pili ni maandishi kwenye mlango wa kabati la dawa. Kalamu zote zilikuwa zikifutika tunaposafisha mlango kwa spiriti, kwa hiyo Mwalimu alinunua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ile ile aliyotupiga marufuku kuipaka kazini, akaimaliza yote pale mlangoni. KICHWA KIMEUMIA? KETAMINI HAPANA. Maandishi yale yana miaka kumi na tisa na bado yanang'aa.

Hakuyatoa kichwani mwake. Enzi zake kila mwanafunzi wa usingizi alifundishwa kwamba ketamini, dawa ya usingizi, huongeza mgandamizo ndani ya fuvu, na fuvu ni sanduku lisilo na nafasi ya ziada. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda. Mgonjwa wa kichwa alipewa thiopento, au baadaye ile dawa nyeupe tunayoiita maziwa, na ketamini ikaachiwa waliovunjika mikono. Halafu watafiti walipima upya, wakaona hofu ile ilikuzwa: mgonjwa akipumuliwa vizuri, ketamini haimletei balaa lile lililosemwa. Kinachoua ubongo upesi ni presha ya damu kushuka, na thiopento na maziwa ni mabingwa wa kuishusha. Vitabu vikabadilika kimyakimya. Rangi ya kucha haikubadilika.

Niliwahi kumpelekea Mwalimu makala mojawapo. Aliisoma yote, akasahihisha nukta mbili, akanirudishia.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Sasa nifike Jumanne yenyewe. Saa nne asubuhi simu ililia kutoka chumba cha dharura.

"Mwalimu ameanguka kwenye ngazi," alisema nesi wa huko.

"Anazungumza?"

"Anatukosoa."

Nikashusha pumzi. Nilimkuta amelala kwenye machela, shingo imefungwa kola, paja la kushoto limepinda mahali pasipo na kiungo, na nyuma ya sikio la kulia kuna jeraha ambalo nesi alikuwa akilifunga mara ya tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza hazikukubaliwa na mgonjwa. Presha yake ilikuwa mia thelathini na mbili kwa themanini. Akanitazama kwa jicho lile lile la Jumatano.

"Kofia yako imekaa upande," alisema.

Nikaiweka sawa.

"Nikipelekwa kupasuliwa, thiopento. Msinipe ketamini, nimeumia kichwa. Andikeni." Nesi akaandika, pamoja na saa.

Mume wake alikuwa amesimama ukutani, mzee mrefu, mpima ardhi mstaafu, mguu mmoja kiatu na mwingine kandambili.

"Mita tatu na sentimita kumi na mbili," aliniambia hata kabla sijamwamkia. "Kutoka kidato alichosimama hadi ukingo wa saruji. Nilipima gari la wagonjwa likiwa njiani. Nilijua mtauliza."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilimwambia asipande. Alitaka kuona kama fundi ameosha tangi la maji au ameandika tu kwamba ameosha."

"Na alikuwa ameliosha?"

"Hakuwahi kufika juu."

Kati ya chumba cha dharura na chumba cha picha kuna mita sitini. Mwalimu aliondoka akiwa anatuelekeza njia anayoijua kila mtu, akaulizia saa, akajibiwa, akaulizia tena, akajibiwa, akaulizia tena. Akatapika. Aliporudi kutoka kwenye picha alikuwa kimya, na mimi sijawahi kuogopa kelele yoyote kama nilivyouogopa ukimya ule. Ukimfinya alikuwa akiguna tu. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa pana kuliko ya kushoto, dalili kwamba ubongo unabanwa. Picha ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, upande wa kulia, nene, inasukuma kila kitu kwenda kushoto. Na paja lilikuwa linaendelea na shughuli zake: paja lililovunjika laweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila tone kuonekana nje. Presha themanini na nne kwa hamsini.

Daktari wa upasuaji tunamwita Fasta. Ni fundi hodari, hana ubaya, ila kwake dakika zote zimechelewa.

"Dakika kumi nataka niwe ndani ya fuvu," alisema akinawa mikono. "Mlaze."

"Presha iko chini. Naongeza damu kwanza."

"Ongeza huku unamlaza. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Hapa ni kichwa."

"Ndiyo nasema," alisema Fasta, na kwa kweli alikuwa na haki. Jicho lile lilikuwa linatupa muda wa kunywa chai ya moto, si zaidi.

Nikaenda kwenye kabati. Ndani kulikuwa na thiopento, maziwa na ketamini. Kuna dawa ya nne ambayo ingenisaidia, huandikwa vizuri sana vitabuni, na hospitalini kwetu haijawahi kufika. Nikasimama mbele ya herufi nyekundu kama mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani. Niseme kilichokuwa moyoni mwangu, kwa sababu si Mwalimu peke yake aliyekuwa akinizuia. Alikuwepo na mtu mwingine.

Miaka kumi na moja iliyopita waliniletea dereva wa lori, umri miaka thelathini na mmoja, ameumia kichwa na tumbo, presha tisini. Mkono wangu ulishika ketamini. Macho yangu yakasoma mlango. Mkono ukaiacha ketamini, ukachukua thiopento, nusu ya kipimo, kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Presha ikaporomoka hadi hamsini na ikakaa huko dakika nane, nikimimina kila nilichonacho. Fasta alitoa damu kichwani, akafunga tumbo, kazi safi kabisa. Dereva hakuamka. Mama yake alikuja siku kumi na tisa mfululizo na kitana cha kijani, akimchana nywele pale zilipobaki, akipita kando ya bandeji. Siku ya ishirini hakukuwa na wa kuchanwa.

Mwalimu aliipitia fomu ya dereva mstari kwa mstari, akaandika chini, "Imefanyika sawasawa," akatia sahihi. Nilipaswa kufarijika. Badala yake nikaanza kusoma makala.

Nikatoka nje kwa mzee. Kola ya shati lake ilikuwa na damu ya mkewe, naye alikuwa ameshika futi yake ya chuma, anaivuta, inarudi yenyewe, anaivuta tena.

"Mzee, nakuuliza kitu na sina muda wa kukizungusha. Mwalimu alikataa ketamini. Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Na mtaa ulimsikia."

"Alipokataa presha yake ilikuwa mia thelathini na mbili. Sasa ni themanini na nne. Nikimpa aliyoitaka, presha itashuka tena, na nadhani ubongo wake hautavumilia. Nikimpa aliyoikataa, nadhani ana nafasi. Nadhani. Siwezi kukuapia."

Mzee alifikiri. Aliiachia futi, ikarudi ndani kwa kishindo.

"Yeye alisema kwa kipimo cha saa nne," alisema. "Wewe unasema kwa cha sasa. Nani amempima mwisho?"

"Mimi."

"Miaka thelathini na minane nimepima mashamba ya watu. Ramani ikisema mto uko huku na wewe umesimama majini, unafuata maji." Akaitia futi mfukoni. "Akiamka atakusema. Mwamshe tu akuseme."

Akatia sahihi kwenye fomu ya ridhaa.

Chumbani, chupa ya damu ilikuwa inashuka, kichwa cha kitanda kimeinuliwa kidogo, na Fasta mwenyewe ameshika shingo isicheze. Kando yangu alisimama Shangazi, nesi wa chumba cha upasuaji, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale ila alianza kazi mwaka mmoja na Mwalimu na walikuwa wakisukana nywele. Nilivuta ketamini kwenye sindano, kipimo kidogo, kwa kuwa mtu aliyepoteza damu halazwi kwa kipimo cha mtu mzima wa afya. Shangazi aliona chupa ya dawa. Akatazama kabati, akanitazama mimi.

Nikainama.

"Mwalimu, ni mimi," nilimwambia sikioni. "Presha yako themanini na mbili. Nakupa ketamini, miligramu hamsini."

Hapo mwenzako anatakiwa kurudia. Shangazi hakurudia. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akichelewa.

"Shangazi."

"Ketamini, miligramu hamsini," alisema, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo mahakamani. "Na Mwenyezi Mungu anisamehe."

"Hilo la mwisho halimo kwenye utaratibu," alisema Fasta.

Nikaingiza dawa. Nikataja dawa ya kulegeza misuli, safari hii Shangazi akarudia palepale, nikaiingiza, nikapitisha bomba kooni, mashine ikaanza kumpumulia. Kisha tukasubiri ile ya presha. Inaubana mkono, inanyamaza, inawaza. Ni mashine pekee hospitalini kwetu inayofikiri kabla ya kusema. Sabini na tisa.

Sitasema nilikuwa mtulivu. Nilikuwa nikihesabu dakika nane kabla hazijaanza.

Ikabana tena. Themanini na nane. Tena. Tisini na saba. Tena. Mia na sita.

"Naweza sasa?" aliuliza Fasta, ambaye tayari alikuwa ameshika kisu.

Alitoboa, akafungua, akatoa bonge la damu ukubwa wa ini la kuku, akaufunga mshipa uliokuwa unavuja. Presha haikushuka chini ya mia hata mara moja. Saa saba kasoro robo nilifunua kope la kulia. Mboni ilikuwa imerudi sawa na mwenzake. Niliifunua mara tatu zaidi bila sababu yoyote ya kitabibu.

Nikaijaza fomu. Shangazi alisimama nyuma yangu akisoma.

"Ukiandika 'dawa ya usingizi' tu," alisema polepole, "si uongo."

"Jumatano ataikagua."

"Akiamka."

"Akiamka," nilisema, nikaandika ketamini, herufi zote.

Siku ya tatu alitolewa bomba. Neno lake la kwanza, kwa sauti iliyokwaruza, lilikuwa "kofia." Niliivua kabisa nikaishika mkononi, nikacheka kama mwehu, na mzee akageukia dirishani akajifanya anapima fremu. Paja lilikuwa limeshaungwa kwa chuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii guu lilikuwa la mkuu mwenyewe. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandaa tangu Jumanne, nikiyasubirisha siku yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya nane baada ya upasuaji, na ilikuwa Jumatano, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipoitisha fomu yake ya usingizi. Alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimefungwa, nusu ya nywele hakuna. Mzee alikuwa kando anamenya chungwa. Mwalimu alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyosoma fomu zetu zote. Kidole kikasimama.

"Presha themanini na mbili," alisoma.

"Ndiyo."

"Ukanipa hii."

"Ndiyo."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza ukiwa na mia thelathini na mbili, Mwalimu."

Mzee aliacha kumenya. Nilisubiri ile methali, jibu langu likiwa tayari ulimini. Haikuja. Kidole kilibaki palepale kwenye ile namba, kisha kikashuka taratibu kwenye namba zilizofuata: sabini na tisa, themanini na nane, tisini na saba, mia na sita, mia na kumi. Alizipitia mara mbili.

"Wangapi?" aliuliza.

Nilimwelewa. Nikajifanya sijamwelewa.

"Wangapi nini, Mwalimu?"

"Walioletwa na kichwa na presha ya chini, mkaenda kabatini, mkasoma mlango wangu."

Ningeweza kusema sijui, na ingekuwa kweli. Lakini mtu huyu alinifundisha kutaja.

"Ninayemjua mimi ni mmoja," nilisema. "Na hata huyo hatuwezi kujua kama angepona."

"Dereva," alisema.

Miaka kumi na moja nilidhani nimembeba peke yangu.

"Mama yake alikuwa na kitana cha kijani," alisema Mwalimu. "Nililetewa fomu, nikaona ile hamsini, nikakuambia umefanya sawasawa."

"Uliniambia."

"Ulifanya nilivyokufundisha. Hayo ni mambo mawili tofauti." Alikunja fomu yake, akanipa. "Yake ipo?"

"Ipo stoo."

"Kailete."

Stoo ya kumbukumbu iko chini ya ngazi, na mtunzaji wake haamini kwamba kuna mtu anayehitaji karatasi ya miaka kumi na moja kwa nia njema. Ilinichukua saa mbili na kumwahidi mambo ambayo sitayatimiza. Nilirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Mwalimu aliipokea, akaikuta sahihi yake na lile neno lake, sawasawa. Hakulikata. Alikuwa akitufundisha kwamba kwenye fomu hakuna kufuta, kuna kuongeza. Akachukua kalamu, akaandika chini yake tarehe ya siku ile, kisha mistari miwili. Akatia sahihi, akanisogezea.

"Taja," alisema.

Niliishika ile karatasi. Nilikuwa nimekwishaona kilichoandikwa, na nilijua sitafika mwisho.

"Kosa lilikuwa la mwalimu," nilisoma. "Mwanafunzi..."

Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye miaka ishirini na mbili kazini, na vumbi la stoo likageuka tope usoni. Yeye alinisubiri. Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye, lakini alinisubiri, kwa sababu dawa isiyotajwa haiingii.

"Mwanafunzi alitii," nilisema.

Hapo mwenzako anatakiwa kurudia. Shangazi hakuwepo, wala nesi mwingine. Mzee aliweka chungwa mezani, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Alikuwa amekaa na huyo mwanamke miaka arobaini na moja na utaratibu alikuwa anaujua.

"Kosa lilikuwa la mwalimu," alirudia kwa sauti, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Mwanafunzi alitii."